Ziwa ni letu sote, lakini unapitia wapi?

Ukifungua simu siku hizi huwezi maliza dakika kumi kabla hujaonyeshwa ploti ya Gilgil ama Elementaita, futi hamsini kwa mia, picha imepigwa na droni jioni, ziwa linang'aa huko nyuma, na maneno ni yale yale ya kila siku, utulivu, hewa safi, hali ya hewa nzuri mwaka mzima, dakika tano kutoka lami. Hiyo ya dakika tano tuiache, kila Mkenya aliyewahi kununua shamba anajua hizo ni dakika za nani. Mimi nataka tuongee hiyo nyingine, ya mwaka mzima, kwa sababu hiyo kusema ukweli si uongo, na bado mtu anaweza kuishi hapa miaka na asiione faida yake.

Tuanze na hali ya hewa yenyewe. Gilgil iko kusini kidogo tu mwa ikweta, hata digrii moja haifiki, na imeinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hizo mbili zikikutana jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, Januari hivyo, Julai hivyo, tofauti ni dakika chache tu, na joto halikuchomi wala baridi haikugandishi. Huko Ulaya na Marekani kuna miji midogo ya milimani inaishi kwa theluji, ikiisha hoteli nyingi zinafungwa na vijana wanaenda kutafuta vibarua kwingine mpaka irudi. Sisi hatuna hiyo. Tuko na mvua ndefu ya Machi hadi Mei ambayo mara nyingi inangoja mchana ndio imwage, tuko na ile fupi ya Oktoba na Novemba, tuko na Julai ya jaketi mbili na ukungu mpaka saa nne, na Januari na Februari ni vumbi, vumbi kabisa, la kuingia hadi kwenye kabati ya vyombo. Lakini siku ambayo mvua imekufungia ndani kutoka asubuhi hadi usiku ni nadra. Mtu akifunga duka saa kumi na moja jioni bado ako na zaidi ya saa moja ya mwanga wa kutembea, na anayo kila siku ya mwaka.

Kwa hivyo kupanda na kushuka kwetu hakuletwi na mawingu, kunaletwa na mshahara na shule. Mwisho wa mwezi magari ya Nairobi yanajaa, katikati ya mwezi hakuna mtu. Likizo ya Aprili, Agosti na Desemba nyumba za kukodisha huko Elementaita zinajaa, Njaanuari ikifika mwenye nyumba anakupigia simu yeye mwenyewe akuulize kama uko na mgeni. Halafu kuna Safari Rally, ambayo ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, na makao yake yakawa Naivasha, na magari yakapita hadi huku kwetu, Soysambu, Elementaita na ule mlima unaoitwa Sleeping Warrior. Hiyo wiki ukitafuta kitanda hupati, ukitafuta kuku hupati, hata chumba cha mabati kinaitwa nyumba ya wageni. Mimi si mmoja wa wale wa kununa, rally ni raha na watoto wanaifurahia kuliko Krismasi. Shida yangu ni kwamba ukimsikiza kiongozi yeyote akiongea kuhusu burudani ya nje kwenye hii kaunti, anahesabu hiyo wiki moja na wikendi chache za watu wa Nairobi, na mkaazi ambaye ako hapa siku zote hayuko kwenye hesabu.

Na si ati hakuna vitu. Ukisimama pale Gilgil mjini, karibu na sokoni, kwa umbali wa boda ya asubuhi uko na Ziwa Elementaita, uko na mlima Eburru na msitu wake, uko na Kariandusi ambapo Louis Leakey na wenzake walipata mashoka ya mawe mwaka wa 1928, mawe yaliyochongwa na watu wa karibu miaka milioni moja iliyopita na bado yako pale chini kama yalivyoachwa. Ukiingia matatu ya Naivasha unaona punda milia na swala wakila nyasi kando ya barabara kuu, bila kulipa kitu zaidi ya nauli, wageni wanashika simu kupiga picha na sisi wenyewe tumelala, kichwa kwenye dirisha. Ukienda Nakuru, ambayo ni jiji tangu Desemba 2021, uko na kasoko ya Menengai upande wa juu na ziwa upande wa chini. Watu wanauza figo wapate kuishi mahali kama hapa.

Sasa muulize mtu wa Gilgil mara ya mwisho alikuwa Elementaita lini, si kuiona kutoka barabarani, kuwa pale, kushika maji. Wengi watakwambia shule ya msingi, trip ya darasa la saba. Wengine hawajawahi. Na si uvivu, msinielewe vibaya, hawa ni watu wanatembea kwa miguu kilomita nyingi kwenda shamba na kurudi.

Nimekuwa nikijiuliza hii kitu na jibu langu ni moja, halina utaalamu wowote: hakuna pa kupitia. Ziwa liko, mlima uko, msitu uko, lakini katikati yako na hivyo vitu kuna geti la mtu, ama waya ya mtu, ama ploti imepimwa juzi na nguzo za simiti zimekata ile njia ambayo watoto walikuwa wanapitisha ng'ombe. Katiba ya 2010 kifungu cha 62 inasema mito na maziwa ni ardhi ya umma. Sawa kabisa. Haisemi utafika vipi. Unaweza kuwa mwenye ziwa kwa sheria na usiwe na hata upana wa mkokoteni wa kukufikisha majini, na hivyo ndivyo maisha yalivyo kwa sehemu kubwa ya maziwa haya ya Bonde la Ufa. Pale Naivasha ziwa ni kubwa vile, ukilizunguka ni mahoteli, mashamba ya maua na mageti, mahali mwananchi anaingia bila kuulizwa anaenda wapi ni pachache sana, Kamere, Karagita, na vingine viwili vitatu, na kwa sababu ni pachache kila mtu anasongamana hapo hapo, wavuvi, wauza samaki, wenye boti, wenye spika za muziki, wageni wa basi, halafu mtu mwingine anakuja anaangalia hiyo fujo anasema mnaona, mkiachiwa ufuo mnauharibu. Ukifinya watu wote wa mji kwenye vishimo vichache utapata fujo tu, hata ungekuwa mji wa malaika.

Juzi juzi nilikuwa natafuta njia moja ya zamani upande wa kushuka ziwani, ile iliyokuwa inaonekana kwa jinsi imechimbika na kwato. Nikakuta mzee amekaa na mbuzi zake. Nikamsalimia, nikamuuliza, "Mzee wangu, hii njia bado inafika ziwani?" Akanitazama viatu kwanza. "Ilikuwa inafika, kijana wangu. Siku hizi inafika kwa waya."

Upande mkubwa wa ufuo wa Elementaita uko ndani ya Soysambu, ekari kama 48,000, ardhi ya familia ya Delamere tangu ukoloni na sasa ni hifadhi. Hapa ndipo mjadala huwa unaharibika haraka, kwa sababu mmoja anaanza historia ya ardhi (na historia ni ya kweli, hakuna mtu anaikana), mwingine anatetea wanyama, na baada ya dakika tano hakuna mtu anaongea kuhusu kutembea. Mimi nitasema kitu ambacho rafiki zangu wengine hawatakipenda. Hiyo waya ndiyo imehifadhi huo utulivu mnaouza. Elementaita ni moja ya mahali pakubwa ambapo mwari weupe wanazaliana hapa Afrika Mashariki, wanalala na kutaga hapa halafu wanaruka hadi Nakuru na Naivasha kutafuta samaki, na mwaka wa 2011 UNESCO ikaliweka ziwa hili pamoja na Nakuru na Bogoria kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kama ile ardhi ingekatwa hamsini kwa mia kama inavyokatwa upande wa pili wa barabara, leo hakuna mwari, hakuna twiga, kuna mabati na vyoo vya shimo hadi kwenye maji. Nimeona vile upande wa pili unaenda, kila anayenunua ploti ya kuangalia ziwa anajenga ghorofa moja juu ya jirani yake, na yule jirani sasa anaangalia tangi la maji.

Kwa hivyo mimi sisemi waya itolewe. Nasema njia iwekwe kando ya waya. Hivi ni vitu viwili tofauti na tunavichanganya kila siku. Scotland mwaka wa 2003 walipitisha sheria inampa mtu haki ya kutembea kwenye ardhi karibu yote hata ya matajiri wakubwa, bora asiharibu mimea na asisumbue mifugo, na mashamba makubwa hayakufa, mabwanyenye bado wako. Siwezi nikasema tunakili hiyo yote, sisi tuko na nyati na wao hawana. Lakini mita tatu za kando, njia moja kutoka mjini hadi ufuoni, moja hadi Kariandusi, moja ya kuelekea Eburru, hizo hazisumbui mwari wala hazimwondolei mtu mali. Mtu anapogawanya shamba kuwa ploti tayari analazimika kuachia nafasi ya barabara ili mpango wake upitishwe, si ajabu hiyo, kila mpimaji anajua. Ni kuongeza tu kwamba kama shamba lako linakata njia ya watu iliyokuwepo, hiyo njia inaonyeshwa kwenye ramani kabla mihuri haijagongwa. Leo haionyeshwi kwa sababu hakuna mtu ameiomba, na mnunuzi wa Nairobi hawezi kuiomba, yeye hajui iliwahi kuwepo.

Eburru ni mfano mzuri wa kwamba ua na watu vinaweza kukaa pamoja. Ule msitu ulikuwa unaliwa kwa makaa na mbao, na wanyama walikuwa wanashuka kumaliza mahindi ya watu. Ukazungushwa ua wa stima, kama kilomita 43, ukakamilika mwaka wa 2014, na sasa mtu anapanda kule na mwongozaji wa hapo hapo kijijini, analipa, yule kijana anapata ya unga. Halafu Eburru ina kitu ambacho kingekuwa nchi nyingine kingekuwa kwenye kila kalenda: wakaazi wanavuna maji kutoka kwa mvuke wa ardhini. Mvuke unatoka kwenye nyufa, wanaupitisha kwenye mabomba, unapoa, unageuka matone, yanaingia kwenye mtungi, hayo ndiyo maji ya kupika chai. Hakuna mto pale juu. Mara ya kwanza kuonja nilidhani yatakuwa na harufu ya yai bovu, hayana.

Maji, nikiwa hapo. Mtu akikuuzia Gilgil muulize maji kabla hujamuuliza machweo. Visima vingi vya huku vina floridi nyingi, ndiyo maana unaona meno ya kahawia kwa watu waliokulia hapa, kutoka Naivasha hadi Nakuru na kwingineko bondeni, na mtoto anayekua akinywa hayo maji meno yake hayatasafishika na dawa ya meno ya aina yoyote. Mabirika ya mvua yanasaidia. Hii haina uhusiano na njia, lakini hakuna mwenye droni atakuambia, basi nimekuambia.

Kitu kingine ambacho watu wa mipango hawakioni ni kwamba wakaazi tayari wako na burudani yao ya nje, tena ya mwaka mzima, lakini haifanani na ile ya kwenye picha. Saa kumi na moja na nusu asubuhi ukitoka barabarani utakutana na maafande wa kambi wakikimbia, na nyuma yao vijana wa mtaa na raba za mitumba, wengine wanataka kuingia jeshi wengine wamesikia tu kwamba kukimbia kunalipa. Jioni uwanjani ni mpira, njumu zinabadilishana miguu, wa kwanza akitoka anamvulia wa pili. Jumamosi kuna kijana ako na baiskeli tatu nne anakodisha watoto kwa raundi, kumi ama ishirini bob, na foleni inaanza kabla hajazijaza upepo. Kikopey je? Mtu ataniambia Kikopey ndiyo starehe yetu, na kweli nyama ya pale haina mshindani, lakini ile ni kukaa kando ya barabara kuu na malori yakipita hatua chache kutoka sahani yako. Nyama tamu, moshi wa dizeli bure.

Halafu kuna watu wa maombi. Ukitaka kujua ni nani anapanda milima zaidi kwenye hii kaunti usiangalie vilabu vya Nairobi na mikoba yao ya rangi, angalia akina mama wa makanisa. Wanapanda na viatu vya kanisa, na leso, na chupa ya maji, wanafunga siku tatu juu huko wanashuka. Menengai kuna mapango ya maombi ndani ya kasoko, watu wanateremka wakaishi humo siku kadhaa. Hawa wameshatengeneza njia kwa miguu yao wenyewe, wanajua wapi panateleza na wapi kuna kivuli, na sijawahi sikia mtu wa utalii amewaita mkutano awaulize chochote.

Na kuna chemichemi za Kekopey, kwenye ufuo wa Elementaita, maji yanatoka ardhini yakiwa moto. Nenda Jumapili baada ya kanisa. Wanaume wako upande wao, wanawake upande wao, nguo zimetandazwa kwenye mawe, mtoto analia kwa sababu amepakwa sabuni usoni, babu fulani ameingia maji hadi kiunoni amefumba macho anasema magoti yake yatamshukuru. Ukitumbukiza mguu haraka utaruka, lazima uanzie mbali na jicho la maji halafu usonge polepole ukizoea. Hakuna kiingilio cha resoti, hakuna muziki, watu wanaongea mambo ya mbegu na karo. Hiyo ndiyo sehemu moja ambapo nimeona ziwa likitumika na wenyewe. Pia ndiyo sehemu haina hata kibanda cha kubadilisha nguo, akina mama wanashikiana leso, na mtu akijikata na jiwe dawa ni kwenda na boda hadi hospitali ya Gilgil.

Hiyo ya kuumia tusiipite haraka. Tunapenda kutaja Hell's Gate kama mfano wa mbuga ya wananchi, na ni haki yake, tangu 1984 ni mojawapo ya mbuga chache Kenya ambapo unaingia kwa miguu ama kwa baiskeli ukapita katikati ya punda milia bila gari. Lakini kwenye lile bonde lake jembamba, Aprili 2012 vijana wa kanisa walisombwa na maji wakafa saba, na Septemba 2019 wakafa wengine saba kwenye mafuriko ya ghafla. Pale chini mbingu inaweza kuwa safi kabisa na mvua inanyesha huko juu kilomita nyingi, na maji yakishashika ule mfereji hakuna pa kukimbilia. Ukifungua njia lazima ufungue na habari, nani anatazama mawingu ya juu, nani anapiga simu kwa nani, kamba iko wapi. Hii ni kazi ambayo wakaazi wangeifanya vizuri kuliko mtu yeyote kwa sababu wao wanaujua udongo, ila lazima mtu awalipe, huwezi kuokoa watu kwa kujitolea kila wikendi huku shamba lako linamea magugu.

Na wanawake. Nimetaja wanaokimbia asubuhi na utakuwa umegundua sikutaja msichana hata mmoja. Wako, wachache, wanakimbia wawili wawili na wanarudi mapema. Ukiuliza utaambiwa ni fisi, na fisi wapo, usiku wanasikika, lakini dada mmoja wa hapa jirani aliniambia vizuri, fisi hawamwiti majina akipita steji. Njia iliyonyooka, inayoonekana kutoka kwa nyumba za watu, yenye watu wakipita saa zote, inamsaidia huyo dada kuliko mabango mia ya kusema mji wetu ni salama. Njia ya kichakani ambayo inatumika na mtu mmoja mmoja haimsaidii, afadhali isingekuwepo.

Tangu corona ya 2020 tumepata majirani wapya, wale wa kufanya kazi na laptopu, wamehama Nairobi, wamefuata hewa na kodi ya chini. Mimi nawapenda, wananunua mboga, wanalipa fundi kwa wakati. Lakini ukiwaangalia wanaishi hapa kama mgeni wa wikendi, wikendi yao tu ni ndefu. Jumatano jioni hawatoki, Jumamosi wanachukua gari wanaenda kulipa geti fulani waingie kutembea saa mbili halafu wanarudi. Bei ya getini imepangwa kwa mtu anayekuja mara moja akae kutwa, mkaazi yeye anataka saa moja tu, jioni tatu kwa wiki, na hiyo haiko kwenye bango la bei. Kadi ya jirani ya mwaka mzima, kwa bei ambayo mama wa mboga anaweza kulipa bila kukopa, ningependa kuona hifadhi moja ya huku ikijaribu tu mwaka mmoja tuone kama wanyama watalalamika.

Maziwa nayo hayajatusaidia. Tangu miaka ya 2010 yamekuwa yakipanda, geti kuu la zamani la mbuga ya Ziwa Nakuru lilimezwa na maji, huko Naivasha mtaa wa Kihoto umeingia majini watu wakahamishwa kwa boti. Hii ina maana kwamba ukichora njia ya ufuoni leo unaweza kuikuta ndani ya ziwa kesho, na kwamba mwenye ua naye anausogeza juu, na kila akisogeza kitu cha kwanza kupotea ni ukanda mwembamba ambao watu walikuwa wanapita. Mpimaji akiwa na akili ataiweka njia juu kidogo, palipo na mteremko, hata kama kufika majini itabidi ushuke.

Barabara kuu ndiyo inaniumiza kichwa kwa sasa. Upanuzi wa kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa mwishoni mwa 2025, na sisi tuko katikati yake. Leo mtu wa baiskeli akitoka Gilgil kwenda upande wa Kariandusi anapanda kwenye bega la lami na lori la kontena linampumulia shingoni, hakuna njia nyingine, ndiyo maana baiskeli zimebaki za watoto wa uwanjani. Barabara ikipanuliwa bila kipito cha chini na bila njia ya miguu, mji unakatwa mara mbili, waya huku, lami kule. Ikipanuliwa na njia ya baiskeli upande mmoja tu, kutoka mjini hadi Kikopey na Kariandusi, hapo tayari una njia ya burudani ya mwaka mzima kabla hujaomba mtu yeyote ardhi yake. Tofauti kati ya hizo mbili inaamuliwa kwenye michoro, na michoro ikishamwagiwa simiti hairekebishwi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi lazima waitwe watoe maoni. Mikutano hiyo huku kwetu inahudhuriwa na wazee, wenye tenda na watu waliosikia kuna soda. Watu wanasimama wanasema mtuletee utalii, karani anaandika utalii, mambo yameisha. Anayetaka njia aende na kitu kigumu zaidi ya hicho, aende na jina la njia kama wenyeji wanavyoiita, inaanzia kwa nani inaishia wapi, ni nani ameifunga na mwaka gani, aende na wale akina mama wa maombi na yule mzee wa mbuzi wakae mstari wa mbele, na aombe iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwa hayo maneno, halafu arudi mwaka unaofuata na nakala mkononi.